Dosie ya Pamoja Inapopotea Kwenye Rezo ya Biro



Mara nyingi katika kurasa hizi tunazungumza juu ya kupogoa kahawa, mbolea ya samadi na mnyauko wa migomba. Safari hii tunaingia ndani ya biro, kwa sababu mambo mengine yanayomkosesha mkulima pesa yake hayatoki shambani. Yanatoka kwenye meza ya kesiye.

Msimu uliopita tulifika kwenye kooperative moja ya kahawa kando ya Ziwa Kivu. Jina lake tunaliacha. Ilikuwa siku ya malipo. Tangu saa mbili asubuhi watu walikuwa wamekaa kwenye majani mbele ya biro, kila mmoja na kikaratasi chake cha kilo mkononi. Ndani, kesiye alikuwa anatazama kompyuta yake na jasho linamtoka. Orodha ya kilo ilikuwa ndani ya kompyuta ya mpimaji, chumba cha pili tu. Kila posho kesiye aliifungua kupitia rezo, bila hata kuinuka kwenye kiti. Siku ile, akifungua, hakuna kitu. "Ile dosie iliendaka wapi? Jana ilikuwaka hapa!"

Kijana mmoja akaleta fleshi, akanakili orodha kutoka kwa mpimaji, malipo yakaanza. Shida ni kwamba mpimaji alikuwa bado anaingiza vikaratasi vya jana jioni. Kufika saa sita, kooperative ilikuwa na orodha mbili: moja kwa kesiye, nyingine kwa mpimaji, na hazifanani. Mama mmoja aliyeleta kilo 46 za kahawa mbivu akaambiwa jina lake halina kitu. Kwa bahati alikuwa na kikaratasi chake. Walibishana karibu saa mbili nzima kabla ya kulipwa.

Tulipotazama sababu, ilikuwa ndogo sana. Jioni iliyotangulia modemu ya zamani iliharibika, wakaweka mpya. Kompyuta ya mpimaji ikaiona rezo hiyo kama rezo ya ugenini, ikajificha. Kuitengeneza kulichukua chini ya dakika tano. Ndiyo maana tunaandika somo hili. Kooperative nyingi sasa ziko na kompyuta mbili ao tatu, na mtu wa kuzitengeneza yuko mbali, na anapofika anaomba transpoti.

Tunaeleza kwa kompyuta za Windows 10 na 11, na majina ya vitufe tunayaacha kwa Kifaransa, juu kompyuta nyingi kwetu zinaongea Kifaransa. Kwenye mashini yako maneno yanaweza kubadilika kidogo, lakini njia ni ileile.

Rezo si intaneti

Kwanza tuondoe wasiwasi mmoja. Wengine wanaogopa kufungua dosie ya pamoja juu "itakula mega". Hapana. Kompyuta mbili zikiwa kwenye modemu moja ao ruta moja, faili inatoka hii inaenda ile ndani ya biro tu. Haitoki nje, haigusi forfe yenu. Hata mega zikiisha, hata kampuni ya simu ikikata, dosie inaweza kufunguka. Ukiona Windows inaandika kwamba hakuna intaneti, hiyo si sababu ya dosie kupotea. Kinachotakiwa ni modemu iwake na kompyuta zote mbili ziwe zimeshikana nayo.

Imepotea kweli, ao haionekani tu?

Hili ndilo swali la kwanza, na watu wengi wanaliruka. Wanaanza kubonyeza huku na huku mpaka wanaharibu na yaliyokuwa mazima.

Unapofungua "Explorateur de fichiers" na kubonyeza "Réseau", unaona orodha ya kompyuta nyingine. Orodha hiyo inatengenezwa kwa kuitana: kila kompyuta inapaza sauti "niko hapa", nyingine zinasikia na kuandika jina lake. Kama moja imenyamaza, haitakuwa kwenye orodha, hata kama ni nzima na dosie yake iko wazi. Ni kama jirani aliye ndani ya nyumba lakini haitikii hodi. Kama unajua mlango wake, unaweza kuingia.

Basi tuende moja kwa moja mlangoni. Kwenye kompyuta yenye dosie, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika cmd, bonyeza "Entrée". Kwenye dirisha jeusi andika ipconfig, bonyeza tena "Entrée". Tafuta mstari wa "Adresse IPv4". Utaona namba kama 192.168.1.12. Iandike kwenye karatasi.

Sasa nenda kwenye kompyuta isiyoona dosie. Fungua "Explorateur de fichiers", bonyeza kwenye ule mstari wa juu unaoonyesha mahali ulipo, futa yaliyomo, kisha andika \\192.168.1.12 na "Entrée". Ile mistari miwili iliyolala inatushinda wengi. Kwenye klaviye ya Kifaransa, ile ya AZERTY, unashika AltGr na kubonyeza 8, mara mbili. Usiweke mistari ya kawaida inayoelekea upande mwingine. Na namba za juu kwenye klaviye hiyo zinataka ushike "Maj". Tumeona mtu akihangaika nusu saa, na kosa lilikuwa hilo tu.

Dosie ikifunguka, basi hakuna kilichopotea. Kompyuta imenyamaza tu, na kama watu wanangoja malipo nje, fanya kazi kupitia njia hiyo kwanza. Kutengeneza utatengeneza jioni. Ikikuomba jina na neno la siri, barabara ni nzima, shida iko kwenye ufunguo. Ikikaa muda mrefu halafu ikaleta kosa, barabara imefungwa mahali fulani.

"Public" na "Privé"

Sababu tunayoikuta zaidi ni hii. Kila mara Windows inapokutana na rezo mpya, inajiuliza: hapa ni nyumbani ao ni sokoni? Kwa kawaida inachukua kwamba ni sokoni, yaani "Public". Na sokoni mtu haachi mkoba wazi: kompyuta inanyamaza, na ukuta wake wa ulinzi unafunga mlango wa dosie. Kwa hiyo hata ile njia ya namba inakataa. Modemu mpya, kwa Windows, ni rezo mpya. Kubadilisha jina la Wifi pia ni rezo mpya.

Fungua "Paramètres", halafu "Réseau et Internet", halafu "Wi-Fi", kisha "Propriétés" za rezo ambayo umeshikana nayo. Kama kompyuta inatumia waya, pita kwenye "Ethernet". Utaona pa kuchagua "Public" ao "Privé". Chagua "Privé". Fanya hivyo kwenye kompyuta yenye dosie kwanza, juu hiyo ndiyo inayofunga mlango, kisha kwenye ile nyingine.

Halafu fungua "Panneau de configuration", ingia "Centre Réseau et partage", bonyeza "Modifier les paramètres de partage avancés". Kwenye sehemu ya "Privé" washa mambo mawili: "découverte de réseau" na "partage de fichiers et d'imprimantes". Hifadhi. Kwenye Windows 11 mpya, mambo haya utayakuta pia ndani ya "Paramètres".

Lakini tahadhari: "Privé" ni ya biro yenu tu. Kama sekretere anapeleka kompyuta kwenye mkutano Bukavu ao Goma na kushika Wifi ya hoteli, aache "Public" hapo. Ndani ya kompyuta hiyo muko majina ya wanamemba, namba zao za simu na deni zao.

Kuna wakati unawasha "découverte de réseau", unahifadhi, unarudi, unakuta imejizima tena. Hapo kuna kazi ndogo za ndani ya Windows ambazo hazijaamka. Bonyeza Windows na R, andika services.msc. Kwenye orodha ndefu tafuta "Publication des ressources de découverte de fonctions". Hiyo ndiyo sauti inayosema "niko hapa". Bonyeza mara mbili juu yake, weka "Automatique", kisha "Démarrer". Fanya hivyo kwenye kompyuta inayotakiwa kuonekana. Yenyewe jirani, "Hôte du fournisseur de découverte de fonctions", ni sikio la ile inayotafuta, iwashe pia. Tazama na "Découverte SSDP" na "Hôte de périphérique UPnP". Kisha uzime kompyuta na kuiwasha upya, na kungoja dakika chache. Orodha haijazi mara moja, usiharakishe kulaumu.

Barabara inapofungwa

Kama namba imekataa na "Privé" imewekwa pande zote, linganisha zile "Adresse IPv4" za kompyuta mbili. Katika modemu za kawaida, sehemu tatu za mwanzo zinafanana: 192.168.1.12 na 192.168.1.15 ziko nyumba moja. Lakini 192.168.1.12 na 192.168.43.20 kwa kawaida haziko nyumba moja. Hili linatokea sana kwetu: mpimaji yuko kwenye modemu ya biro, kesiye amechoka na intaneti ya polepole, ameshika koneksio ya simu yake. Kila mmoja ana intaneti, wote wanafurahi, lakini hawaonani. Rudini wote kwenye modemu moja.

Ukiona namba inayoanza na 169.254, kompyuta hiyo haikupata namba kutoka kwa modemu. Kata Wifi yake na kuishikanisha tena. Kama haikubali, zima modemu, ngoja kidogo, iwashe.

Modemu na ruta nyingine zina Wifi mbili: moja ya wenyeji na moja ya wageni. Anayekuwa kwenye ile ya wageni anapata intaneti tu, haruhusiwi kuona wengine. Na ziko modemu zenye kitufe cha kutenganisha wanaoshikana nazo, mara nyingi kimeandikwa "isolation". Kikiwa kimewashwa, unaweza kufanya yote tuliyoandika hapo juu na usipate kitu. Kizime kwenye ukurasa wa mipango ya modemu.

Tazama pia antivirusi. Baadhi zina ukuta wao wa ulinzi, usiosikiliza unachoweka ndani ya Windows. Ndani yake utatafuta mahali pa kusema rezo hii ni ya kuaminiwa. Usiizime kabisa na kuiacha hivyo.

Na kuna sababu moja ya vijijini hasa: usingizi. Biro ikiwa kwenye sola ao kwenye grupu, kompyuta zinaishi kwa batri, na kwenye batri Windows inazilaza haraka ili kuokoa nguvu. Mpimaji ametoka kwenda kupokea kahawa, kompyuta yake imelala, dosie imetoweka kwa kesiye. Akirudi na kugusa kitufe, dosie inarudi, na wote wanasema ni uchawi wa mashini. Kwenye "Paramètres", "Système", ongeza muda wa "Veille" kwa kompyuta yenye dosie, angalau siku za malipo. Kioo kinaweza kuzimika, hakina shida. Mashini yenyewe isilale. Kama mnaweza kuchagua, wekeni dosie kwenye kompyuta yenye batri nzima, ile isiyotembea-tembea.

Ufunguo unapokataliwa

Kompyuta imekuomba "nom d'utilisateur" na "mot de passe". Watu wengi wanaandika zile namba nne wanazotumia kila asubuhi kufungua kompyuta yao. Zinakataliwa, wanarudia mara kumi. Namba hizo ni PIN, na PIN inafungua mashini ileile tu ambayo iliwekwa. Haisafiri kwenye rezo. Linalotakiwa ni neno la siri lenyewe, tena la akaunti iliyo kwenye kompyuta yenye dosie, si la kompyuta uliyokalia.

Jambo lingine: kama akaunti ya mpimaji haina neno la siri kabisa, Windows haimruhusu mtu kuingia kwa akaunti hiyo kupitia rezo. Wako wanaotatua hilo kwa kuzima "partage protégé par mot de passe". Sisi hatulipendi, maana mgeni yeyote akiwa na neno la Wifi yenu anaweza kusoma deni za watu. Afadhali mtengeneze kwenye kompyuta ya mpimaji akaunti moja ndogo, mfano "kesi", isiyo na nguvu za "administrateur", yenye neno la siri lake. Kesiye ataingia kwa hiyo.

Kisha bonyeza dosie kwa upande wa kuume wa panya, "Propriétés", "Partage", "Partage avancé". Hakikisha "Partager ce dossier" imewekewa alama, na ndani ya "Autorisations" akaunti ya kesi iko na haki inayofaa. Kuna milango miwili hapa: huu wa "Partage" na mwingine ulio kwenye "Sécurité". Mmoja ukiruhusu na mwingine ukikataza, anayekataza ndiye anashinda. Kwetu tunashauri kesiye awe na "Lecture" tu kwenye dosie ya kilo. Asome, asibadilishe. Kilo zinabadilishwa na aliyepima, na wanamemba wakiuliza inajulikana mkono ni wa nani.

Kama neno la siri lilibadilishwa na kompyuta ya kesiye bado inatuma la zamani kimyakimya, fungua "Gestionnaire d'identification" ndani ya "Panneau de configuration", tafuta jina la kompyuta ya mpimaji, ulifute. Mara nyingine itakuomba upya.

Kwa wenye mashini za zamani

Yako mashauri yanayozunguka ya kuwasha kitu kinaitwa SMB1 ili kompyuta zionekane tena. Ni kweli zamani orodha ya "Réseau" ilitegemea lugha hiyo. Lakini mwezi wa Mei 2017 kirusi WannaCry kilipita kwenye tundu lililokuwa ndani yake, kikatoka kompyuta hadi kompyuta bila mtu kubonyeza kitu, kikafunga faili za watu na kuomba pesa. Microsoft ilikuwa imetoa dawa mwezi wa Machi mwaka huohuo. Walioumia ni wale ambao hawakuiweka. Tangu Windows 10 ya mwisho wa 2017, SMB1 haiwekwi tena kwenye mashini zinazosakinishwa upya. Msiirudishe. Windows 7 inajua lugha mpya zaidi, haiitaji. Ni Windows XP tu ndiyo haijui nyingine, na kompyuta ya XP isikae kwenye rezo moja na orodha ya malipo. Itumieni kuchapa barua.

Na kama mna karatasi za mafunzo ya zamani zinazosema mpite kwenye "Groupe résidentiel", msiitafute: iliondolewa kwenye Windows 10 mwaka 2018.

Siku moja inaonekana, siku nyingine hapana

Hili lilitusumbua hata sisi. Kila modemu inapozimwa na kuwashwa, inaweza kugawa namba upya. Jana mpimaji alikuwa 12, leo ni 15. Njia ya mkato mliyotengeneza kwa namba inaelekea nyumba tupu, ao kwa mtu mwingine. Kwa hiyo namba ni ya kutafutia ugonjwa tu. Kwa kazi ya kila siku tumieni jina la kompyuta. Lipeni jina fupi, lisizidi herufi 15, bila nafasi katikati, mfano KILO. Linabadilishwa kwenye "Paramètres", "Système", kwa kitufe cha "Renommer ce PC". Angalieni pia kompyuta mbili zisiwe na jina moja, jambo ambalo linaweza kutokea kwa mashini za msaada zilizotayarishwa kwa pamoja. Halafu kesiye ataandika \\KILO, na akipenda ataiweka kama "lecteur réseau" yenye herufi Z. Asubuhi Z ikiwa na alama nyekundu, mara nyingi ni kwamba kesiye aliwasha kabla ya mpimaji. Mpimaji awashe, kesiye abonyeze Z tena.

Kwenye ile kooperative ya mwanzo, sasa kuna karatasi imebandikwa juu ya meza ya kesiye. Imeandikwa jina la kompyuta yenye dosie, jina la dosie, jina la Wifi ambayo wote wanatakiwa kushika, na maneno haya kwa kalamu nyekundu: "Modemu ikibadilishwa, weka PRIVÉ kwa mashini zote." Neno la siri haliko juu ya karatasi hiyo. Liko kwa kesiye, na nakala yake ndani ya bahasha kwa prezida. Fleshi imefungiwa ndani ya kabati. Siku ya malipo haitoki.